Muulize Bi Mwalimu: Nitampata wapi mwalimu wa tuisheni wa mwanangu mwenye usonji?

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa wasomaji wageni: mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeshika chaki miaka 31, na 14 ya mwisho nilikuwa katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kwenye shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Si daktari. Anayetafuta dawa ya usonji (kwa Kiingereza autism) ageuze ukurasa, kwangu hataipata.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la nne. Alipokuwa na miaka sita hospitali walituambia ana usonji. Anaongea, anasoma vizuri kuliko dada yake, na vituo vya mabasi ya mwendokasi anavitaja vyote kutoka Kimara hadi Kivukoni bila kuruka hata kimoja. Lakini Hisabati, hasa zile za maneno, hapana kabisa. Mwishoni mwa Oktoba ana upimaji wa taifa. Mwaka huu tumeleta walimu wa tuisheni watatu. Wa kwanza alikuwa anagonga meza kwa rula, mwanangu akawa anajifungia chooni kila akisikia geti. Wa pili anampa maswali halafu anachati. Wa tatu alikuja siku mbili, akaniambia mbele ya mtoto, "Mama, huyu ni wa shule maalumu, unapoteza hela zako." Baba yake sasa anasema tumpeleke bweni. Nitampata wapi mwalimu anayejua usonji, nitajuaje kuwa ni mzuri, na nimlipe kiasi gani?
Mama wa Kondakta, Tabata

Marahaba mwanangu. Nianze na bangili, utanivumilia.

Mwaka wangu wa pili kitengoni nililetewa mtoto wa miaka minane. Wenzake wakikaa, yeye yuko mlangoni. Nikimfuata na daftari anaziba masikio. Nikimshika mkono ili aandike, anajing'ata kiganja. Kwenye ripoti yake ya muhula nikaandika: "Mkaidi, hapendi kazi." Maneno hayo yamo kwenye faili lake mpaka leo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Muhula uliofuata niliteleza nikishuka daladala, mkono wa kulia ukavimba, jirani akanivua bangili zangu saba kwa sabuni na mafuta ya nazi. Kesho yake nikaenda kazini mkono mtupu. Yule mtoto alisimama mlangoni kama kawaida yake, akaniangalia mkono, akaja akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu. Nikamwekea daftari. Akaandika a, akaandika e, akaandika i. Nikasema ni bahati. Uvimbe ulipopungua nikazivaa tena, mtoto akarudi mlangoni. Hapo ndipo kichwa changu kizito kilipofunguka: kila nikigeuza ukurasa, kila nikinyoosha kidole, zile bangili zililia, na mlio ambao mimi nilishausahau yeye alikuwa anausikia kama mtu anayegongewa sufuria sikioni. Miezi mitano nilimwita mkaidi.

Sasa ukiniuliza mwalimu anayejua usonji yukoje, nitakwambia ni yule anayetafuta bangili. Mtoto akikataa kazi, huyu anatazama chumba kabla ya kumtazama mtoto: feni inalia? Redio ya jirani? Marashi yake mwenyewe? Swali lina maneno mengi mno? Aliambiwa mwalimu anakuja saa kumi na sasa ni saa kumi na nusu? Walimu wenye vyeti vya ukutani wasioweza kufanya hivyo nimewaona, na binti wa kidato cha nne aliyemlea mdogo wake mwenye usonji nimemwona akifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Wapi wanapatikana? Anza na shule ya serikali yenye kitengo, hata kama mwanao hasomi hapo. Kwenu Ilala kuna Msimbazi Mseto. Nenda mchana watoto wakishatoka, umwone mwalimu mkuu. Namba za walimu wake hatakugawia, na usimlaumu. Mwachie karatasi yenye namba yako, umri wa mtoto, darasa, somo, mtaa unaoishi, na siku unazotaka. Karatasi ya hivyo inazunguka ofisini mpaka inampata mtu. Ukiandika tu "natafuta mwalimu wa mtoto mgonjwa" itaishia kwenye droo, na mtoto wako si mgonjwa.

Pili, halmashauri yako ina afisa elimu maalumu. Watu hawamjui kwa sababu ofisi yake huwa ndogo na iko mwisho wa korido. Ndiye anayejua nani kahamishiwa wapi na nani kastaafu lakini bado ana nguvu.

Tatu, na hapa ndipo ningeweka muda wangu mwingi ningekuwa wewe: vijana waliomaliza na hawajaajiriwa. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya fani hiyo. Kila mwaka wanamaliza, na wengi wako mitaani wanauza vocha wakisubiri majina yatoke. Wana moyo na wana njaa ya kazi. Ila muulize: "Ulibobea wapi?" Huko huwa wanachagua upande. Aliyesomea kufundisha wasioona anajua nukta nundu kama anavyojua jina lake, lakini huenda hajakaa na mtoto mwenye usonji hata wiki moja. Si kosa lake. Aliyesomea ulemavu wa akili ndiye aliyepitia usonji zaidi, ingawa mwanao hana ulemavu wa akili. Ni majina tu ya vyuo hayo.

Jambo moja linalopuuzwa: foleni. Watoto wetu hawa saa kwao ni saa. Mtaalamu wa Mbezi Beach anayekwama Mwenge dakika arobaini kila Jumanne atakuharibia mtoto kuliko kijana wa Tabata Kisukulu anayetembea kwa miguu na kufika saa kumi kamili. Chukua wa jirani.

Akipatikana, msaili kibarazani, mtoto asiwepo. Usimuulize "unaujua usonji?" maana kila mtu ataitika. Muulize hivi: "Umemwekea hesabu, amesukuma daftari, ameingia chini ya meza, anaimba wimbo wa tangazo la sabuni. Unafanya nini?" Kisha nyamaza unywe chai yako. Akisema "namtoa" au "atanyooka tu mama, niachie mimi", mpe nauli, muage vizuri. Akisema "nitangoja", uko njiani. Akikuuliza, "Huwa anaingia chini ya meza wakati gani? Anaimba akiwa amefurahi au amechoka?", mwongezee chapati.

Kuhusu fimbo useme siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, baba akiwepo: hapigwi, hafinywi, hasukumwi, haitwi majina, na meza haigongwi. Usitegemee mtu kuelewa mwenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kwa fimbo na tukafundisha kwa fimbo, mkono unaweza kuinuka kabla akili haijafika.

Omba kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi, na namba za wazazi wawili aliowafundishia. Wapigie kweli. Swali langu kwao huwa moja tu: "Aliondokaje?" Sauti ya mtu akijibu swali hilo inakuambia mambo mengi.

Halafu usimwajiri bado. Mpe siku tatu za majaribio na umlipe zote tatu, mtu hafanyi kazi bure. Siku ya kwanza asije na kitabu. Akae na mtoto nusu saa, mtoto amfundishe yeye vituo vya mwendokasi. Siku ya pili aweke kazi ya dakika kumi ambayo mtoto anaiweza tayari. Siku ya tatu kazi moja ngumu kidogo. Wewe kaa jikoni, mlango wazi, sikiliza. Humpimi kwa hesabu alizofundisha. Unasikiliza kama maneno yake yanapungua mtoto akichoka au yanaongezeka. Mwalimu mbichi mtoto akikwama huongeza maneno: "Haya angalia, si nimekwambia, hii na hii, ukichukua hapa, unaona?" Mtoto wako ameshaondoka zamani. Mwalimu aliyeiva hunyamaza, akahesabu kumi kimoyomoyo, akaonyesha kwa kidole.

Bei nakwambia kama nilivyosikia kwa wazazi: mama wa Mbagala alikuwa analipa elfu 7 kwa kipindi, wa Kinondoni elfu 15, na kuna aliyeombwa laki tatu kwa mwezi akazitoa zote mbele, mwalimu akaja mara nne. Lipa kwa kipindi, au kwa wiki mkizoeana. Anayetaka miezi sita mkupuo, mwache. Anayesema atamtoa mtoto usonji kwa siku tisini, mwache haraka zaidi, awe amevaa suti au kanzu. Dua ni dua na sala ni sala, mie mwenyewe nawaombea wanafunzi wangu mpaka leo, ila hiyo siiti tuisheni na silipii.

Mtoto wa umri wake asikae zaidi ya dakika ishirini na tano bila kupumzika, somo moja kwa jioni, mawili ikiwa siku ni njema. Kiti kilekile, upande uleule wa meza. Juu ya meza iwepo ratiba ya picha: kata boksi la sabuni, bandika picha nne mfululizo, kwa mfano daftari, maji, daftari, basi la mwendokasi. Kila kazi ikiisha anabandua picha anaitia kwenye kopo. Anaona mwisho uko wapi, na mtu anayeuona mwisho hahitaji kukimbia. Kuna mtu aliniambia anauziwa "mfumo wa siri" wa kadi hizi kwa bei ya simu. Siri gani? Mpango wa TEACCH wa North Carolina, Marekani, ulianzishwa na Eric Schopler mwaka 1972, na ratiba za picha ni sehemu ya kazi yao inayojulikana dunia nzima. Boksi la sabuni linatosha.

Sasa Hisabati yenyewe. Nadhani najua kinachotokea. Kitabu kinasema, "Juma ana machungwa 12, akampa Asha 5," na mwanao anauliza, "Juma gani?" Au kwa nini Juma ampe Asha machungwa. Watu wanacheka, kumbe kwake ni maswali ya haki: kaletewa watu wawili asiowajua na hajaambiwa wana shida gani. Mwalimu wako ahame Juma aende kwenye basi. Basi la mwendokasi lina abiria 48. Magomeni Mapipa wameshuka 13, wamepanda 9. Wako wangapi linapofika Jangwani? Nakuahidi hatauliza basi gani, labda akuambie kwamba Mapipa huwa wanashuka wengi kuliko hivyo. Kutoka Kagera hadi Fire ni vituo vingapi? Akikujibu vitano, muulize: kila kituo ni dakika mbili, jumla dakika ngapi? Mchoreni mstari, vituo juu ya mstari, namba chini. Akishazoea, badilisha neno moja moja: basi liwe kapu, abiria wawe machungwa. Juma na Asha waje mwisho kabisa, wakiwa tayari wageni wanaofahamika. Kwa mtoto wangu mmoja wa kitengoni safari hiyo kutoka kuku wake wa nyumbani mpaka Juma wa kitabuni ilichukua wiki kumi na moja. Mpe mwalimu muda huo kabla hujamuuliza matokeo.

Kuhusu Oktoba, nenda kwa mwalimu mkuu sasa hivi, usingoje Septemba. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule isipopeleka taarifa kwa wakati hakuna atakayemkumbuka siku ya mtihani. Chukua nakala ya karatasi ya hospitali, uliza kinachotakiwa, na andika jina la aliyekujibu.

Bweni? Mwambie baba yake Bi Mwalimu amesema ngoja. Mtoto anayejifungia chooni akisikia geti hajashindwa kusoma, ameogopa mtu mmoja mwenye rula. Huwezi kumhamisha nyumba kwa ajili ya rula. Na yule mwalimu wa tatu aliyesema maneno yale mbele yake, mtoto aliyasikia. Muulize siku moja mkiwa mmekaa tu, atakutajia neno kwa neno.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Niko Likoni, Mombasa. Binti yetu ana miaka minane, ana usonji na hazungumzi. Huonyesha picha akitaka kitu, na siku hizi anajua kuleta picha ya maji na ya kuogelea. Tumepata mwalimu wa kumfundisha nyumbani baada ya shule. Anasema kwanza lazima tumkomeshe kupepea mikono na kuyumba, ndipo asome. Pia anataka tumwachie chumba cha ndani wafunge mlango, eti mtoto asivurugwe. Mke wangu moyo hautulii. Je, hizi ndizo taratibu?
Baba Binti, Likoni

Marahaba mwanangu. La mlango kwanza.

Hapana. Mlango haufungwi, kwa mwalimu wa kiume wala wa kike, mzee wala kijana, hata awe imamu au shemasi. Mtoto asiyezungumza hawezi kuja kukuambia. Somo lifanyike barazani au sebuleni, mtu mzima wa nyumbani awe mahali anapoona, na mwalimu asimpeleke chooni wala asimbadilishe nguo. Kazi hiyo ina wenyewe. Ikiwa kelele ndizo zinazomvuruga, zimeni televisheni, watoto wengine watoke uani, pazia lishushwe. Vinavyomvuruga vinapunguzwa bila ufunguo. Simwambii mtu kwamba mwalimu wenu ana nia mbaya, simjui. Mwalimu mwema akielezwa hivi atashukuru, maana mlango wazi unamlinda na yeye pia. Akinuna, mke wako alikuwa amekwisha kumjua kabla yangu.

La mikono: muulize mwalimu, mikono ikipepea inamzuia nani? Mtoto anapepea akifurahi, akiogopa, akifikiri. Wewe unatikisa mguu chini ya meza ukisoma gazeti, mke wako anazungusha ncha ya leso kidoleni akisubiri simu, na hakuna aliyewaambia mkome ndipo msome. Anayejiumiza, anayejigonga kichwa ukutani, huyo anahitaji kusaidiwa na mtaalamu. Kupepea tu, aache. Nimefundisha watoto kusoma silabi huku wanayumba kama mashua. Silabi ziliingia.

Binti yako kuleta picha ya maji si jambo dogo, naomba mlione. Njia ya kumpa mtu picha ili upate kitu ilipangwa kimasomo mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost, inaitwa PECS, na walimu wengi wa elimu maalumu wa Kenya wameisikia. Tafuteni mwalimu atakayeanza na zile picha zenu. Kama leo ana picha ya maji na ya kuogelea, kesho awe na ya "sitaki", na kesho kutwa ya "basi", yaani imetosha. Hizo mbili mkazipate kabla ya herufi a. Mtoto mwenye "sitaki" mkononi hahitaji kung'ata mtu.

Kwenu mna njia iliyonyooka kuliko yetu: vituo vya EARC, vya kupima watoto na kuelekeza wazazi, vipo tangu 1984. Ulizeni ofisi ya elimu ya eneo lenu, mtoto apimwe, kisha muwaombe wakupeni majina ya walimu waliosomea KISE, ile taasisi ya elimu maalumu ya Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa 1986. Waulizeni pia kuhusu ile njia ya hatua ndani ya mtaala wa umilisi, inayomfaa mtoto asiyefuata mtaala wa kawaida, ili mwalimu wa nyumbani na wa shuleni wasivutane. Tuisheni inayofundisha Gredi 2 jioni wakati asubuhi mtoto anajifunza kufunga vifungo ni fujo.

*

Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni upande wa pili. Nimemaliza ualimu wa elimu maalumu, nasubiri ajira, nipo Morogoro nafundisha mtoto wa miaka tisa nyumbani kwao. Mtoto ni mwerevu. Tatizo ni mama yake. Amekaa nasi mezani, kila nikiuliza swali anajibu yeye, au anamminya mtoto goti. Anataka mtoto awe kumi bora. Pia amenikataza kutaja neno usonji, shule hawajui na mtoto hajui. Nifanyeje bila kupoteza kazi?
Kijana wa Vocha, Morogoro

Marahaba mjukuu wangu. Umenichekesha na jina lako, nimeandika habari zenu huko juu kabla sijaifungua barua hii.

La neno, si lako kulisema. Wazazi wana muda wao na hofu zao, wengine wameshatengwa na majirani kwa neno hilo. Mtoto akikuuliza, mwambie, "Swali zuri, tumuulize mama," na umfikishie mama swali hilo siku hiyohiyo. Shule ni jambo jingine. Ukiona mtoto anaumia kwa kutojulikana, anapigwa kwa kuziba masikio, hapo zungumza na mama uso kwa uso, umweleze unachokiona, tarehe na saa. Usimpe neno, mpe matukio. Mara nyingi neno watalileta wenyewe.

La kumi bora, usibishane. Mwonyeshe daftari: wiki ya kwanza alikaa dakika nne, leo amekaa kumi na mbili. Andika dakika hizo kila siku kwenye ukurasa wa nyuma, kwa kalamu nyekundu ukipenda, akina mama tunaiheshimu kalamu nyekundu.

Sasa kumtoa mezani. Ukimwambia atoke atakufukuza, na mie ningekufukuza. Anaminya goti kwa sababu hana kazi ya kufanya na mikono yake. Mwombe saa, kama ana ile ya jikoni ya kuzungusha ni nzuri zaidi, la sivyo simu yake. Mwambie, "Mama, mtoto anasoma vizuri akijua muda unashikwa na mtu anayemwamini. Naomba ukae pale mlangoni uushike wewe. Dakika kumi. Ikilia, ingia na maji." Mahali unapomwonyesha pawe panaonekana kutoka mezani, lakini mkono wake usifike gotini. Ikilia aingie kweli, na mtoto amwonyeshe mwenyewe alichoandika, wewe unyamaze. Siku mbili za mwanzo atachungulia sana. Wiki ya pili weka dakika kumi na tano.